Atakuja, hatakuja: Kamari juu ya ujio wa mgeni wa nchi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichikana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, kamari inayokemewa sana misikitini ni ile ya karata, ya bahati nasibu na ya mikeka ya mpira. Ipo nyingine ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni kamari kwa sababu imevaa joho la siasa, nayo ni kuweka dau juu ya habari. Miongoni mwa habari zinazowekewa dau ni hii: kiongozi fulani wa nchi ya nje, ambaye ziara yake imezua mabishano, je, atakuja au hatakuja? Ulaya swali hilo huuzwa na makampuni yenye leseni. Kwetu huulizwa barazani, na noti zikatoka mifukoni kwa sura ya utani. Tumeona Ijumaa ya leo tulitazame jambo hili kwa mizani ya dini yetu, na tutaanzia Kaole, kwa kuwa watu wa Kaole waliijua kazi ya kumngoja mgeni tangu zamani sana.

WALIVYONGOJA WATU WA KAOLE

Kaole ipo kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mkongwe wao ukikisiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na minara. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifanya uchimbaji mahali hapo. Vyombo vya kaure vilivyopatikana Kaole vilitoka mbali hadi China. Leo mikoko imesimama kati ya magofu na bahari, lakini zamani hizo Kaole ilikuwa bandari, na wenyeji wake walikuwa wafanyabiashara.

Tafakarini jinsi mfanyabiashara wa pwani alivyoishi. Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, mwishoni mwa mwaka, ndipo majahazi ya Uarabuni yanaposhuka kuja pwani yetu. Kusi likishika, yanarudi. Katikati ya misimu hiyo miwili mtu hukaa akitazama upeo wa bahari asijue. Chombo kitafika? Kimezama? Nahodha ameamua kutia nanga kwingine? Kungoja huko kulikuwa na khofu ndani yake, na mali nyingi ilisimama juu yake.

Lakini haikuwa kamari, na hapa ndipo ulipo mzizi wa mazungumzo yetu. Mwenye mali alitoa mtaji, nahodha akatoa kazi yake, mabaharia wakatoa jasho lao, na katika jahazi kulikuwa na bidhaa ambayo mtu angeivaa au angeila. Chombo kikifika, wote walipata. Kikizama, wote walikosa. Hakuna aliyekaa ufukweni Kaole akiomba chombo kizame ili yeye atajirike. Dini yetu inautambua ushirika wa namna hiyo na kuuita mudharaba au qiradh, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a.) kwa mapatano yanayofanana na hayo.

Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba maisha yote ni kubahatisha, na kwamba mkulima na mvuvi nao ni wacheza kamari. Kutojua ya kesho ni hali ya kila mja. Kamari ni kukifanya hicho usichokijua kiwe ndiyo bidhaa yenyewe, mmoja apate kwa sababu tu mwenzake amekosa, na baina yao pasiwe na kitu chochote kilichozalishwa.

KISA CHA LONDON

Mfano ulio wazi zaidi wa dau juu ya ziara ya kiongozi ulitokea Uingereza. Tarehe 27 Januari 2017, Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, akiwa Washington, alitangaza kwamba Malkia Elizabeth amemwalika Rais Donald Trump kufanya ziara ya kitaifa Uingereza. Trump alikuwa ameapishwa wiki moja tu kabla. Siku hiyo hiyo alitia saini amri ya kuwazuia kwa muda raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi kuingia Marekani: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Majirani zetu Wasomali walikuwamo.

Waingereza wakagawanyika. Waraka wa kupinga ziara hiyo ulikusanya saini zaidi ya milioni 1.8, na tarehe 20 Februari 2017 wabunge waliujadili. Spika wa Bunge wakati huo, John Bercow, alikwisha kutamka kwamba asingependa mgeni huyo ahutubie katika ukumbi mkongwe wa Westminster. Wengine walisema mwaliko ukishatolewa haurudishwi, na kwamba nchi haiwezi kuchagua nani awe rais wa nchi nyingine.

Hayo yalikuwa mabishano ya haki. Yanagusa utu, heshima ya wageni, urafiki wa mataifa na hatima ya familia zilizotenganishwa na amri ile. Lakini pembeni ya mabishano hayo makampuni ya kamari yalifungua daftari: atakuja mwaka huu au hatakuja? Safari itafutwa au haitafutwa? Kila habari mpya ilipotoka, viwango vya malipo vilipanda au kushuka, kama bei ya samaki mnadani.

Mambo yakaenda hivi. Mwaka 2017 ukaisha bila ya ziara. Januari 2018 Trump akatangaza kwamba hatakwenda London kufungua ubalozi mpya wa nchi yake. Julai 2018 akaenda, akaonana na Malkia katika kasri la Windsor huku maelfu wakiandamana, lakini ile iliitwa ziara ya kikazi, siyo ya kitaifa. Ziara ya kitaifa yenyewe ilifanyika tarehe 3 hadi 5 Juni 2019, miaka miwili na ushei baada ya mwaliko. Na Septemba 2025, chini ya mfalme mwingine na waziri mkuu mwingine, alialikwa na kupokelewa mara ya pili, jambo ambalo ni nadra kabisa katika desturi za ufalme ule.

Aliyeweka fedha mwaka 2017 akisema huyu lazima atakuja mwaka huu alipoteza. Aliyesema hatakuja kabisa naye, hatimaye, alikosea. Tena fikirini juu ya yule aliyeweka dau kwamba atakuja, halafu Julai 2018 akamwona kwa macho yake akishuka kwenye ndege, lakini akaambiwa hapana, dau lako lilikuwa juu ya ziara ya kitaifa. Mzozo wa maneno, na nyuma ya maneno kuna fedha.

HESABU YA MWENYE DAFTARI

Tuieleze hesabu hii kwa ufupi, kwa kuwa vijana wetu wengi wanadhani aliye hodari wa kufuatilia habari atamshinda mwenye kampuni.

Tuchukulie swali lina majibu mawili tu, atakuja na hatakuja, na watu wanadhani nafasi ni nusu kwa nusu. Kama mchezo ungekuwa wa sawa kwa sawa, aliyeweka shilingi 1,000 angerudishiwa 2,000 akipatia. Lakini kampuni haitoi 2,000, bali hutoa, kwa mfano, 1,800. Mtu mmoja ameweka 1,000 kwa atakuja, mwingine ameweka 1,000 kwa hatakuja. Kampuni imepokea 2,000. Mgeni akija, italipa 1,800. Asipokuja, italipa 1,800. Shilingi 200 zimebaki sandukuni kwa vyovyote vile. Mwenye daftari hana haja ya kujua kama mgeni atakuja. Haja yake ni kwamba ninyi wawili mbishane.

NA HUKU KWETU

Baadhi yetu tunaweza kusema hayo ni ya Wazungu, nasi yanatuhusu nini. Lakini nchi zetu zimewangoja wageni wenye utata mara nyingi.

Februari 2008 Rais George W. Bush alifika Dar es Salaam, wakati majeraha ya Iraq na Afghanistan yakiwa mabichi na Waislamu wengi wakiwa na uchungu nayo. Alikaa nchini kuanzia tarehe 16 hadi 19, akatia saini pamoja na Rais Jakaya Kikwete msaada wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia, kisha akatembelea Arusha. Wapo waliomlaki na wapo waliochukizwa.

Tarehe 27 Agosti 2010 Wakenya walikusanyika katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kuzindua katiba mpya, mara akaonekana jukwaani Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikwisha kutoa hati mbili za kumkamata, moja mwaka 2009 na nyingine Julai 2010. Ujio wake haukutangazwa mapema. Aliyedhani anajua hakujua. Mwezi Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru akamatwe iwapo atakanyaga tena nchini humo.

Na hapa Bagamoyo, mgeni mmoja aliacha alama ambayo watu wa Kaole hawahitaji kukumbushwa. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, katika safari yake ya kwanza ya nje baada ya kushika urais, alikuja Tanzania, na miongoni mwa makubaliano yaliyotiwa saini ni ya bandari mpya ya Bagamoyo, pale Mbegani, jirani kabisa na Kaole. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Serikali ya awamu ya tano ikausimamisha mradi, na Juni 2019 Rais John Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo ya kuufufua yanaanzishwa. Itajengwa, haitajengwa? Swali hilo limekaa katika baraza za Bagamoyo kwa miaka.

Hatusemi kwamba kila aliyelijadili swali hilo amecheza kamari. Mazungumzo ni halali, na kukisia si haramu. Hata anayenunua shamba kwa matarajio kwamba bandari itajengwa amenunua kitu: udongo upo, minazi ipo, na bandari isipojengwa atalima. Kinachokatazwa ni pale wawili wanapokaa, mmoja akasema ndiyo na mwingine akasema hapana, wakaweka fedha katikati na kumpa mshindi zote. Haidhuru kama ni shilingi milioni au ni soda mbili na sahani ya chipsi. Wanazuoni hawakuipima kamari kwa ukubwa wa dau.

HUKUMU YAKE

Allah (s.w.) anatueleza katika Suratul Maida, aya ya 90, kwamba ulevi, kamari, kuabudiwa kwa masanamu na kupiga ramli kwa mishale ni uchafu na ni kazi ya shetani, na anatuamrisha tujiepushe nayo ili tufaulu. Aya inayofuata inataja sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Allah na tusiswali. Na katika Suratul Baqara, aya ya 219, tunafahamishwa kwamba ndani ya ulevi na kamari mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Qur'ani haikukana kwamba wapo wanaopata. Imetuambia tupime.

Zingatieni pia kwamba katika aya ile ya Maida, kamari imewekwa safu moja na mishale ya ramli. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakichomoa mshale kutaka kujua wasafiri au wasisafiri, kama vile mshale unajua ya ghaibu. Anayeuliza leo kama rais fulani atasafiri au hatasafiri, na akaweka karo ya mwanawe juu ya jibu, hayuko mbali na yule wa mshale. Suratu Luqman, aya ya 34, inatufundisha kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Ziara ya mfalme ipo katika kesho hiyo, pamoja na uhai wa mfalme mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) amefunza kwamba anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, na atoe sadaka. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Zingatieni: neno la mwaliko peke yake limewekewa kafara, sembuse kitendo.

HOJA YA SURATU RUM

Hapa huja msomi wa baraza akasema: Mbona Sayyidna Abubakar (r.a.) aliweka dau juu ya habari za nchi za nje?

Kisa hicho kipo, na ni vyema kukieleza kwa ukamilifu wake. Waajemi waliwashinda Warumi katika nchi ya Sham, na mwaka 614 waliutwaa mji wa Jerusalem. Makureshi wa Makka walifurahi, kwa kuwa Waajemi hawakuwa watu wa kitabu. Waislamu walisikitika, kwa kuwa Warumi walikuwa Wakristo. Ndipo zikashuka aya za mwanzo za Suratu Rum zikitoa habari kwamba Warumi watashinda baada ya kushindwa kwao, katika miaka michache. Washirikina walipokejeli, Abubakar (r.a.) aliwekeana nao dau. Imamu Tirmidhi ameipokea habari hiyo kwa njia zaidi ya moja, na riwaya zinatofautiana katika idadi ya miaka iliyowekwa. Warumi walikuja kushinda, na jeshi la Waajemi lilivunjwa karibu na Ninawi mwaka 627.

Katika kisa hiki mna majibu mawili. La kwanza, riwaya yenyewe inasema wazi kwamba jambo hilo lilikuwa kabla ya kuharamishwa kwa kamari. Anayelitolea ushahidi leo ni sawa na anayetolea ushahidi ulevi wa kabla ya aya ya kuuharamisha. La pili, Abubakar (r.a.) hakubahatisha, bali alisadiki. Alikuwa na habari kutoka kwa Mwenye kujua ya ghaibu, na dau lake lilikuwa ni tangazo la imani mbele ya watu walioikejeli. Sisi tuna nini mkononi? Tuna gazeti, redio na uvumi. Tena tazameni riwaya mojawapo, ambayo ndani yake muda uliotajwa katika dau uliisha kabla ya ushindi, naye akalazimika kutoa, ingawa ahadi ya Allah ilikuwa ya kweli na ikatimia muda mfupi baadaye. Ikiwa aliyekuwa na wahyi kati yao alipitiwa na hesabu ya miaka, itakuwaje kwa mwenye simu ya kiganjani?

DAU HUINUNUA DHAMIRI

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko fedha. Mwenye kuweka dau juu ya mpira amepoteza mali na muda wake. Mwenye kuweka dau juu ya mambo ya watu ameuza na jicho lake.

Tuseme mtu ameweka shilingi 50,000 kwamba kiongozi fulani dhalimu atakuja. Kesho yake wenzake wanaandamana kwa amani kupinga dhulma za kiongozi huyo. Moyo wake utakuwa upande gani? Mabishano yale ya haki, ya nani amedhulumiwa na nini kifanywe, kwake yamekuwa kelele za kupunguza au kuongeza kiwango cha malipo. Na aliyeweka dau kwamba hatakuja, je, akisikia mgeni huyo ameugua, atamwombea afya? Akisikia pametokea mripuko au fujo, atahuzunika kwanza, au ataitazama simu kwanza? Kamari ina uwezo wa kumfanya mtu mwema ayafurahie maafa bila ya yeye mwenyewe kukusudia.

Tusidhani tunatia chumvi. Mwaka 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na mpango wa soko ambalo watu wangenunua na kuuza makisio ya matukio ya Mashariki ya Kati, na mifano iliyoonyeshwa ilikuwa pamoja na kuuawa kwa Yasser Arafat na kupinduliwa kwa mfalme wa Jordan. Maseneta wawili waliufichua tarehe 28 Julai, na kesho yake ukafutwa kwa aibu. Lakini wazo halikufa. Leo yapo masoko ya utabiri ya watu binafsi katika intaneti, mojawapo likiwa Polymarket lililoanzishwa mwaka 2020, na swali moja tu la nani atashinda urais wa Marekani mwaka 2024 lilizungusha humo zaidi ya dola bilioni 3. Mwaka 2025 watu walishindana humo kwa mamilioni ya dola kama Rais Volodymyr Zelenskyy wa Ukraine atavaa suti. Alipokwenda katika mkutano wa viongozi mjini The Hague akiwa na koti jeusi, wakagombana: hiyo ni suti au siyo suti? Nchi ya mtu inaungua, watoto wake wanazikwa, nao wanabishana juu ya ukosi wa koti lake. Huo ndio uadui na ule upofu ambao Suratul Maida imetuonya nao.

Tofautisheni na adabu yetu ya pwani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha imani ya kumwamini Allah na Siku ya Mwisho na kumkirimu mgeni. Mgeni akiwa mwema, anakirimiwa. Akiwa dhalimu, anaambiwa neno la haki, maana kusema kweli mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi bora. Hizo ndizo nafasi mbili za Muislamu mbele ya mgeni wa nchi. Nafasi ya tatu, ya kukaa kando na kuvuna fedha akija au asipokuja, haimo katika mafunzo yetu.

NDANI YA NYUMBA ZETU

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia michezo hiyo nchini Tanzania, na asiyefikia umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Leseni ya serikali huondoa kosa mbele ya serikali. Haiondoi kosa mbele ya Allah. Na umri wa miaka 18 haulindwi na karatasi, kwani simu ya baba iliyoachwa mezani inatosha.

Wazazi wafanye nini? Kwanza, tusiwe sisi wenyewe mlango. Baba anayesema mbele ya watoto, nakuwekea elfu kumi huyu rais haji, amefundisha somo ambalo madrasa itachukua miaka kulifuta. Tukibishana, tubishane kwa hoja, na aliyekosea akubali, basi.

Pili, tuwafundishe watoto kuifuata habari kwa sababu iliyo sawa. Kijana akiuliza kama kiongozi fulani atakuja, tumuulize: anakuja kufanya nini? Atatia saini nini? Nani atafaidika na nani ataumia? Kijana wa Kaole anayejua kilichomo katika makubaliano ya bandari amepata elimu. Anayejua kiwango cha malipo tu hakupata kitu.

Tatu, mke na mume wawe wazi katika hesabu za nyumba. Kamari hukua gizani. Ada inayochelewa bila ya sababu, mkopo wa simu unaolipwa kwa mkopo mwingine, hasira baada ya taarifa ya habari: hizi ni dalili. Mwenye kuziona asianze kwa matusi. Aanze kwa kumsogeza mwenzake karibu, kwa kuwa aliyepoteza huona aibu, na aibu humrudisha mchezoni akatafute alichopoteza.

Nne, aliyekwisha kuingia na atubu. Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta na kuazimia kutorejea. Fedha aliyoipata kwa kamari si chumo la halali. Kama anamjua aliyemchukulia, amrudishie. Kama hamjui, wanazuoni wanaelekeza aiondoe mkononi mwake kwa kuwapa mafakiri au maslahi ya umma, bila ya kutarajia malipo ya sadaka. Na deni alilokopa kwa ajili hiyo linabaki kuwa deni, hivyo apangiwe utaratibu wa kulilipa na ndugu zake wamsaidie.

Tano, tuwape vijana mashindano yaliyo halali. Sharia imeruhusu zawadi katika mbio za farasi na ngamia na katika kulenga shabaha, kwa kuwa hayo yalikuwa mazoezi yenye faida kwa umma. Pwani yetu haikosi ya kushindania: ngalawa, kuogelea, usomaji wa Qur'ani, masomo. Zawadi itolewe na mtu wa nje au na msikiti, wala isichangwe na washindani wenyewe ili aliyeshinda ale fungu la aliyeshindwa.

HITIMISHO

Wanazuoni wanapoeleza uuzaji wa kitu kisichojulikana, hutoa mfano wa samaki ambaye bado yumo baharini. Wavuvi wa Kaole wanaufahamu mfano huo kuliko sisi. Samaki wa majini hana bei mpaka aingie nyavuni, na nyavu hazitupwi na ulimi. Ziara ya kiongozi wa nchi, iwe ya rafiki au ya anayechukiwa, nayo ni samaki wa majini. Akija, tutajua. Asipokuja, tutajua. Baina ya sasa na hapo tunayo kazi ya mikono, swala tano, haki za wake na waume zetu, ada za watoto wetu, na neno la haki la kulisema kwa kila mgeni na kila mwenyeji.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake dhidi ya haramu yake, azilinde nyumba zetu na mlango huu wa shetani, awape waliotekwa nao njia ya kutoka, na atujaalie kuwa wenyeji wema kwa wageni wetu na mashahidi wa haki juu ya walio madhalimu. Amin.

Wallahu a'lam.